Miguu ya Kina Kogo

Sijawahi kushinda mbio yoyote maishani mwangu. Nasema hivyo mapema kwa sababu ukiniona miguu utadhani nina medali kabatini. Mashavu ya miguu yangu yamejikunja kama viazi viwili, mishipa imetoka nje, na paja langu halina hata kipande cha nyama laini cha kushika. Mwalimu wetu wa michezo kule kijijini kwetu Mauche aliiona miguu hii nikiwa darasa la nne, akapuliza filimbi na kusema, "Wewe hapo! Kuanzia leo wewe ni wa mita elfu moja na mia tano." Nilikimbia miaka minne. Nafasi yangu nzuri kabisa ilikuwa ya pili kutoka mwisho, na yule aliyekuwa nyuma yangu alikuwa ameanguka.

Naandika haya sasa, mabaya yakiwa yamepita, kwa ajili ya mwanamke ambaye mikono na miguu yake imebaki misuli na mishipa huku uso na shingo vikijaa, na ambaye amechoka kuulizwa maswali. Nimeulizwa yote hayo. Mimi si daktari, kwa hivyo sitakueleza ugonjwa unavyofanya kazi ndani. Nitakueleza tulivyouishi mimi na mama yangu na binti yangu, na tulivyoingia katika ile mashine ya picha mmoja mmoja.

Mama yangu tunamwita Kogo. Kwa lugha yetu ya Kikalenjin ni nyanya, na tangu nimzae binti yangu Chebet kila mtu nyumbani anamwita hivyo, hata mimi. Kogo ana miguu hii hii. Mdogo wake marehemu, Tapkigen, alikuwa nayo. Kule Mauche watu huisema kwa sifa: miguu ya kina Kogo. Wageni wakija Kogo alikuwa akinivuta mbele na kupandisha sketi yangu hadi magotini. "Tazameni," angesema, "hii imezaliwa kukimbia." Nikirudi kutoka mashindanoni nikiwa wa thelathini na nane, alisema siku yangu haijafika.

Siku haikufika. Nikajifunza ushonaji, nikaolewa na Kipkemoi, mpakiaji wa magunia katika ghala la nafaka, tukapanga nyumba mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, na nikaweka cherehani yangu barazani. Nilishona yunifomu za shule. Fundi nguo huijua miili ya watu kuliko wenyewe, na mimi kila nilipomzungushia mteja tepu mkononi nilihisi kile kilaini kilicho chini ya ngozi, ambacho mimi sina. Shingo yangu ilikuwa imeanza kuwa nyeusi, nyeusi ya kama uchafu, na niliisugua kwa jiwe la kusugulia miguu hadi ikatoka damu. Nilijishonea blauzi za mikono mirefu na kola za juu, nikazivaa hata Februari jua likiwaka.

Mvua ya masika ya mwaka 2007 ilinikuta nimejifungua mtoto wa kiume, Kiplagat. Kogo alishuka kutoka Mauche siku ya tatu, na mkononi alikuwa na mkebe wa mafuta ya kondoo. Kwetu mama aliyejifungua hunyweshwa mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa, kikombe asubuhi na kikombe jioni, mpaka ang'ae. Mwanamke akitoka uzazini akiwa mkavu, aibu ni ya mama yake. Na mimi nilikuwa mkavu kuliko wote, basi Kogo akaongeza kikombe cha mchana.

"Kunywa, Rael," aliniambia. "Safari hii utanona. Nimeapa."

Nilikunywa wiki tatu. Kilichonona ni kidevu na shingo. Kisha siku moja baada ya chai, maumivu yalinishika juu ya kitovu yakapitiliza hadi mgongoni, na sikuweza kulala wala kuketi. Nilijikunja sakafuni kando ya cherehani nikitapika. Kipkemoi alinibeba hadi barabarani, tukapata gari.

Hospitalini nilitolewa damu, na kijana wa maabara akarudi mwenyewe na kichupa mkononi badala ya karatasi ya majibu. Alikuwa ameshangaa kabisa.

"Mathe, aki hii ni damu ama ni maziwa?"

Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Chini kulikuwa na wekundu, na juu yake tabaka zito jeupe, kama maziwa yaliyoganda.

"Umekunywa nini?"

"Mafuta ya kondoo."

"Kiasi gani?"

Nilipomwambia alikimbia kuwaita wenzake waje waone. Walikuja watano. Nilikuwa na maumivu ya kuniua na bado nilisikia aibu, nikafunika mikono kwa shuka.

Walisema kongosho imevimba. Nilikaa siku tisa bila kula wala kunywa, maji yakiingia kwa sindano. Siku ya nne ulimi uligandamana na kaakaa, na muuguzi mmoja wa zamu ya mchana, mwanamke mfupi mwenye hasira na kila mtu, alikuwa akipita na pamba iliyoloweshwa maji na kunifuta midomo bila kusema neno. Sijui jina lake. Namwombea hadi leo. Maziwa yangu yalikauka, na Kiplagat akapewa chupa.

Siku ya tano Kogo alikuja saa ya kuwaona wagonjwa. Alitazama mlangoni, akatoa kikombe kidogo cha mafuta chini ya leso yake.

"Hawa wanakuua kwa njaa," alininong'oneza. "Kidogo tu."

Mimi nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, na daktari alikuwa ameniambia nisimeze hata mate mengi. Lakini huyo alikuwa mama yangu, na alikuwa amenishikia kichwa. Nilimeza mafunda mawili. Kabla ya jioni joto lilipanda nikaanza kuongea peke yangu, na muuguzi alipokiona kikombe chini ya kitanda alimfukuza Kogo wodini kwa sauti iliyosikika hadi getini. Kogo aliondoka kichwa juu. Aliamini hadi moyoni kwamba wao ndio wakosaji.

Niliporudi nyumbani nilikuwa mifupa na misuli, uso wa mviringo juu yake. Kaptembwo haikosi macho. Wakati ule kila mtu alikuwa amemwona mgonjwa aliyenyonyoka mikono na miguu kwa sababu ya dawa za ule ugonjwa mkubwa, na majirani walijua kujumlisha. Wateja wakaanza kutuma watoto walete vitambaa badala ya kuja wenyewe. Hilo nililivumilia. Lililonivunja ni Kipkemoi. Aliketi kitandani siku moja ya Jumapili akiwa amevaa viatu vya kanisani, na hakunitazama.

"Rael, niambie tu. Sitakufukuza."

"Nikuambie nini?"

"Unajua."

Tulikwenda kupimwa wote wawili siku iliyofuata. Tulikaa kwenye benchi la mbao, katikati yetu pengo la mtu mzima. Majibu yalipotoka hatukuwa na virusi, si yeye wala mimi. Nilidhani atafurahi. Alisema tu, "Sasa basi ni nini?" na ndipo nikaona kwamba alikuwa anaogopa kama mimi. Ugonjwa usio na jina hauna hata mahali pa kuulilia. Tukirudi, njiani alinishika mkono, na mishipa yote hiyo alikuwa ameishika.

Baridi ya Julai ilipoingia nilikwenda mjini kununua kitambaa cha sketi za shule kwa Bwana Karim. Yeye na baba yake wameuza vitambaa Nakuru tangu kabla sijazaliwa, na husema na mafundi wake kama watoto wa nyumbani. Nilinyoosha mkono kupima ubora wa kitambaa, mkono wa blauzi ukapanda. Akaacha mkasi.

"Fundi, hiyo mikono imekuwa hivyo tangu lini?"

"Tangu nivunje ungo, Bwana Karim. Usianze na wewe."

"Sianzi. Hata miguu?"

Nilikuwa karibu kuondoka bila kitambaa. Akainua mkono kunizuia. "Ngoja, mama. Sikutukani. Binti yangu Nasreen ni daktari wa picha kule Nairobi. Anachunguza watu ambao mafuta ya mwili yamepotea njia. Alinionyesha picha ya mkono wa mtu, na ni kama ninauona hapa." Akampigia simu hapo hapo kaunta, akanipa nizungumze naye, na wateja wengine wakangoja.

Nilimuuliza Daktari Nasreen amewapata wangapi kama mimi. Alisema sita. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikidhani niko peke yangu duniani, na kumbe kulikuwa na sita.

Agosti nilikwenda. Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vilivyofungwa pamoja kwa chuma, ukicheka wewe anatikisika wa mwisho. Nilingoja saa nne. Kisha msichana wa mashine akanipa gauni la hospitali na kuniuliza kama nina chuma mwilini, kwa maana ile mashine ni sumaku kubwa. Nikasema sina. Akanipitishia mkono kwenye blauzi niliyokuwa bado nimeivaa, akatoa pini. Akatoa nyingine. Kola, pindo, chini ya kifungo: alitoa pini kumi na moja. Fundi huchomeka pini kifuani akishona na kuzisahau huko. "Wewe mama ungeingia hapo ndani kama nungunungu," alisema, tukacheka wote, na cheko hilo lilinisaidia sana.

Kuingia kulikuwa kama kusukumwa kwenye bomba. Inagonga na kunguruma kama posho mili ya kusaga mahindi, na hutakiwi kusogea hata kidole. Nilihesabu vishono. Kila kishindo kimoja nilikiita kishono, nikashona sketi nzima kichwani, kiuno, mikunjo, zipu, na nilipokuwa kwenye pindo wakanitoa.

Daktari Nasreen alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye kuongea haraka. Alichomeka picha mbili kwenye taa ya ukutani. "Mafuta ni meupe," alisema. Mguu wa kwanza ulikuwa wa mtu mzima wa afya, na kuuzunguka kulikuwa na ukanda mweupe mnene kama ganda la chungwa. Mguu wa pili ulikuwa wangu. Ulikuwa mweusi na kijivu, misuli mitupu hadi ukingoni. Ganda hakuna.

Nililia. Sikulia kwa huzuni. Tangu utotoni nilikuwa nimeambiwa najinyima, nafanya mazoezi ya siri, nimerogwa, sioshi shingo, nina ule ugonjwa. Na sasa ukweli wangu ulikuwa ukutani, umewashiwa taa.

"Angalia hapa," daktari akasema, akaweka kidole chini kabisa. Kwenye wayo kulikuwa na ukanda mweupe. "Nyayo na viganja hubaki. Mwili unayalinda yale ya kukanyagia."

Basi Mungu alininyang'anya nguo akaniachia viatu. Nilimwambia hivyo, akacheka, akatoka kuwaita madaktari wenzake. Walikuja wengi kuliko wale wa maabara Nakuru, wakaizunguka taa, mmoja akachora kitu kwenye daftari. Safari hii sikufunika mikono. Nilikaa pale na gauni la hospitali lililofunguka mgongoni, nikajiona mtu mkubwa.

Nilirudi na jina, lipodistrofi. Nililifanyia mazoezi ya kulitamka hadi Naivasha. Nilirudi pia na dawa, sindano za insulini, na amri ya kutogusa mafuta. Na jambo moja zito: ugonjwa huu huja na damu ya ukoo. Mzazi akiwa nao, kila mtoto anaweza kuupata au kuukosa, kama kurusha shilingi. Kwa wasichana hujionyesha wanapovunja ungo. Daktari alitaka kumpiga picha Chebet, na Kogo pia, ili ajue umetoka wapi.

Chebet alikuwa na miaka kumi na minne, kidato cha kwanza, shule ya bweni upande wa Njoro. Alikuwa nyumbani likizo. Nilimkuta ameketi na baba yake na Kogo, na mezani kulikuwa na barua kutoka kwa mwalimu wa michezo: amechaguliwa kwenda kambi ya mazoezi Desemba. Kogo alikuwa anang'aa. Nilitazama mashavu ya miguu ya mtoto wangu, nikamfinya mkono wa juu kama ninayepima sweta.

"Mama! Unanifinya nini?"

Sikupata cha kushika. Nilisimama pale na vidole vyangu vitupu, na kama uliwahi kuogopa kwa niaba ya mtoto unajua nilivyokuwa. Miaka michache na huyu ataolewa, atazaa, na mtu anayempenda atamletea mkebe.

Nilipoeleza, Kogo alisimama.

"Miguu yangu si ugonjwa," alisema. "Mama yangu alikuwa nayo. Wewe ulikuwa mvivu wa kukimbia, sasa unataka mtoto pia avunjike moyo."

"Kogo, nimeona picha."

"Picha! Ukimpeleka mtoto kwenye hilo jeneza lao, Mauche usikanyage."

Nikamgeukia Kipkemoi. Alikuwa ameishika ile barua kwa mikono miwili. Mtu anayebeba magunia ya wenzake kutwa nzima, hii ilikuwa sifa ya kwanza kuingia nyumbani kwake. "Wacha mtoto aende kambi kwanza," alisema. Nilibaki peke yangu upande wangu. Nilichoweza kupata ni miadi ya Januari ya watu watatu, niliyoiandika ukutani na ambayo hakuna aliyeitazama.

Januari hiyo mnajua ilivyokuwa. Uchaguzi uliisha vibaya, barabara zikafungwa, moshi ukawa pande zote za mji, na watu waliokopeshana chumvi miaka kumi wakaanza kuulizana makabila. Insulini yangu ilikuwa kwenye friji ya jirani yangu Mama Njoki, Mkikuyu, kwa maana mimi sikuwa na friji. Asubuhi aliyokimbilia uwanja wa maonyesho na watoto wake, alipita mlangoni kwangu kwanza. Kwenye mgongo alikuwa na mtoto, kichwani godoro, na mkononi chupa zangu za dawa zimefungwa kwa kitambaa kilicholowa.

"Weka kwa chungu cha maji, Mama Chebet, kwa kivuli," alisema. "Isipate joto."

Nilizipokea, naye akaenda. Dawa hiyo ilinivusha wiki sita. Mama Njoki sasa anakaa mtaa wa Free Area, na sijawahi kumtoza mwanawe pesa za sketi.

Miadi ilipita. Na katika wiki hizo za kujifungia ndani, shule zikichelewa kufunguliwa, nilimsikia Chebet bafuni kwa muda mrefu. Nikachungulia. Alikuwa ameshika jiwe langu la miguu, anasugua shingo. Weusi ulikuwa umeanza chini ya nywele. Alikuwa ametoka kambini wa ishirini na sita kati ya ishirini na nane, na hakumwambia mtu.

"Haitoki," alisema. "Mama, naoga kila siku, aki, na haitoki."

Nililichukua lile jiwe nikalitupa uani. Kipkemoi alikuwa nyuma yangu, ameona yote. Akasema, "Nenda kwa Kogo. Barabara ikifunguka, nenda. Mimi nilikosea."

Ilifunguka vizuri Aprili. Nilipanda Mauche na picha yangu ndani ya bahasha kubwa ya kahawia, ingawa nilikuwa nimekatazwa kukanyaga huko. Kogo alikuwa akimenya viazi mlangoni. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nikaibandika picha dirishani kwa pini zangu mbili, jua likapita ndani yake.

"Huo ni mguu wangu," nilimwambia. "Mafuta ni meupe. Yatafute."

Aliacha kisu. Alitafuta kwa kidole, kutoka paja kushuka, polepole, kama mtu anayetafuta shimo kwenye blanketi. Alifika wayo akasimama hapo.

"Yako hapa peke yake."

"Hapo peke yake."

Akanigeukia. "Mtu wa mguu huu akinywa mafuta, yanakwenda wapi?"

"Hayana pa kukaa, Kogo. Yanabaki kwenye damu. Yanachoma tumbo."

Akakaa chini kwenye kizingiti. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira yake na sikuwa nimejitayarisha kwa alichosema.

"Tapkigen alikuwa na mguu huu."

Tapkigen, mdogo wake, alikufa kwa tumbo wiki ya tatu baada ya kumzaa Cherono. Nilikuwa mdogo. Watu walisema ni kijicho. Kogo alimchukua Cherono akamlea pamoja nasi, na nilijua siku zote kwamba alimpenda kwa namna ya kujihimiza, kama anayelipa.

"Alikuwa anasema linachoma," Kogo akasema. "Nikamwambia amalize kikombe. Mimi ndiye nilimshikia kichwa anywe. Na wewe pia, hospitalini."

Nilitaka kumwambia si kosa lake. Lakini Kogo si mtu wa kubembelezwa. Nikamwambia, "Hukujua."

"Sikujua," alisema. "Sasa najua." Alimwaga maji ya viazi, akaosha miguu yake, yote miwili, taratibu hadi vidoleni, akavaa viatu vya kanisani. "Hilo jeneza lenu liko wapi?"

Ilibidi nimwambie kwamba lina miadi.

Tulikwenda Mei, mvua ikinyesha, Kogo, Chebet na mimi. Kogo alikataa kwanza namba. Picha za uchunguzi hazibebi majina, zinabeba namba, na yeye alikuwa amepewa tisa.

"Rael ni ngapi?"

"Saba," Daktari Nasreen akasema.

"Yeye alitoka tumboni mwangu. Mimi nitakuwaje tisa?"

Daktari alijaribu kueleza, akashindwa, na ndipo akatoa karatasi akamchorea ukoo wetu jinsi wao wanavyochora: duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume, mistari ikishuka. Akamweka Kogo juu. Kogo akaitazama akaridhika. Kisha akagusa nafasi iliyo kando ya duara lake.

"Mchore na Tapkigen hapa."

"Yuko hai, Kogo?"

"Hapana. Lakini mchore."

Daktari akachora duara, akalipitishia mstari wa waliokufa, akaliunga na la Kogo. Chini yake akaandika Cherono. Kogo akaingia kwenye mashine bila kusaidiwa, akalala nusu saa na zaidi bila kusogeza hata ukope. Alipotoka msichana wa mashine alisema hajawahi kupata picha iliyotulia vile. Kogo akasema vijana wa siku hizi hawajui kukaa.

Picha zao zilikuwa picha yangu. Mguu mmoja, mara tatu, misuli hadi ukingoni na ukanda mweupe kwenye wayo. Chebet alizitazama kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo hii ndiyo maana nakuwa nyuma kwa mbio?"

"Hapana," Daktari Nasreen akasema. "Hiyo ni wewe tu."

Tulicheka mpaka mtu akachungulia mlangoni. Lakini daktari aliongeza kwamba akimbie vile vile, mbio ni dawa nzuri kwake, na Chebet anakimbia hadi leo, wa mwisho, bila aibu. Kipkemoi siku hizi ndiye anayepunguza mafuta kwenye nyama, kwa kisu, na uso wa mtu anayefanya upasuaji. Kongosho yangu haijanisumbua tena. Shingo ni nyeusi bado, na navaa kola ninazotaka. Kama wewe unayesoma hunifahamu lakini unaifahamu miguu hii, usiifiche. Mficha maradhi kifo humuumbua. Uliza mahali wanapopiga picha, na ukiingia toa pini zako.

Nimebakiza jambo moja. Mwisho wa Agosti Cherono alijifungua msichana, kule kule Mauche, kwa wakwe zake. Yeye pia ana miguu hii, lakini alikuwa na mimba wakati wa picha zetu, na daktari alisema asubiri. Tulimwonya. Lakini nyumba ya wakwe ina sheria zake. Tulipofika mimi na Kogo, wanawake walikuwa wamejaa, nyimbo zinaendelea, na mama mkwe wake, mwanamke mzuri mwenye moyo, alikuwa tayari amejaza kikombe. Mafuta yalikuwa bado yanatoa mvuke. Cherono alitutazama juu ya kikombe kile kwa macho ya mtu asiyeweza kumkatalia mkwewe.

Mimi nilifungua mdomo. Kogo akanipita. Akasimama katikati ya nyumba ya watu, akavuta sketi yake juu ya goti mbele ya wanawake wote, akaweka mguu juu ya kigoda.

"Finya," akamwambia mama mkwe.

"Mama Rael, jamani..."

"Nimesema finya."

Mama mkwe akaweka kikombe chini, akafinya. Vidole vyake viliteleza. Akajaribu tena juu zaidi, akakosa cha kushika.

"Sasa finya wa Cherono."

Akafinya. Vidole vikateleza vile vile.

"Mama yake alikuwa na mguu huo huo," Kogo akasema. "Alikuwa mdogo wangu. Nilimpa hicho kikombe kwa mkono huu, kwa mapenzi, kama wewe. Nikamzika." Akashusha mguu, akaitengeneza sketi yake, na nikaiona shingo yake ikinyooka kama siku zile alipokuwa akiwaonyesha wageni miguu yangu. "Hii miguu yetu sasa iko Nairobi kwenye ukuta. Inafundisha madaktari. Na huyu ni wetu."

Mama mkwe alikitazama kikombe, akamtazama Cherono, kisha akayarudisha mafuta yote ndani ya mkebe na kuufunika.

"Basi tumpe nini?" aliuliza.

"Uji," Kogo akasema, akiketi kando ya mtoto wa mdogo wake. "Na usitie siagi."